Chuma Kilichoingia Luhombo

Ulitazama kando. Usijitetee. Ulifika Luhombo, na ushahidi ni picha yako mwenyewe: umeukumbatia mvule ule mkubwa wa mbele, mikono haikutani, meno nje. Uliteremka Kombani, ukapanda bodaboda hadi langoni, ukavua viatu, ukafungwa kaniki kiunoni, ukatembea dakika saba mpaka kwenye mvule, ukapigwa picha, ukarudi. Kibao cha langoni kinasema kwa herufi ambazo hata mwenye mtoto wa jicho angeziona: njia ni ya duara, kilomita mbili na nusu, nyepesi hata kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Hukuuliza ni duara gani hilo linaloishia kwenye mti mmoja.

Na hukuwa peke yako. Waheshimiwa walikuja na walinzi wao, wakageukia pale pale. Watalii wa Diani waliokodi gari la nusu siku waligeukia pale pale. Walimu wa Kwale mjini, wanaotazama kilima hiki kila asubuhi wakipiga mswaki, waliwaleta wanafunzi na wakawageuzia pale pale. Miaka arobaini na sita watu wanageuka kwenye mvule, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mvule ule ndipo ramani inapokoma. Nyuma yake, kwa maandishi, hakuna msitu. Kuna namba ya shamba tu, na jina la mtu ambaye hajawahi kukanyaga huko hata kwa bahati mbaya.

Basi soma kilichotokea jana Jumanne. Ukimaliza usiseme hukuambiwa.

Umazi binti Shutu alifika langoni kabla ukungu haujainuka. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekuwa akiwatembeza wageni katika kaya hii, msitu wa wazee usiokatwa, na siku ambazo wageni hawakuja aliizunguka peke yake, akianzia kulia, kwa sababu ndivyo inavyozungukwa. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Nyayo zake ziliijua njia ile kama ulimi unavyojua pengo la jino.

Alimkuta Kanini amekwisha kuketi kwenye jiwe, chupa ya chai mapajani. Kanini Munyoki alizaliwa hapa hapa chini ya kilima, wazazi wake walipokuja kutoka Ukambani na kugaiwa ekari nane za skimu ya makazi. Shamba lake limepakana na msitu, na kisima chake hakijawahi kukauka, hata mwaka ule ng'ombe wa Kinango walipokufa wakiwa wamesimama.

"Hujalala wewe," Kanini alisema. "Macho kama ya bundi aliyefiwa."

"Nimelala vizuri tu."

"Na mimi ni malkia wa Wadigo. Kunywa chai."

Umazi alipokea kikombe, akakishika bila kunywa.

Mzee Kalama alitokea kwenye njia ya chini, akijikongoja kwa mkongojo wake na kunung'unika kabla hajafika, ili akifika asikute watu wamestarehe. Ndiye aliyeshika ulinzi wa lango tangu babake Umazi alipofariki. Si mtu mpole na hakuna aliyewahi kumtarajia awe.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Yuko wapi huyo mpima? Serikali ikisema saa mbili, maana yake saa mbili ndipo inapoamka."

"Atakuja, ami."

"Mwenzake wa mwanzo naye alikuja," alisema Mzee Kalama, akatema mate kando.

Hilo la mwenzake wa mwanzo ndilo jambo lenyewe, na ni lazima uambiwe sasa, kwa sababu huku hakuna asiyelijua na huko kwako hakuna anayelijua.

Mwaka wa sabini na nane serikali ilipima ardhi ya kilima hiki. Mpima alikuja na vijana wanne, mapanga ya kufyekea, nyundo, na mzigo wa bikoni, vigingi vya chuma vya mpaka, apige moja kila kona ya msitu. Babake Umazi, Shutu wa Rai, alisimama langoni akiwa amefunga kaniki. Chuma cha kukata mti au kudunga udongo hakiingii kaya. Hakikuingia siku ya babu, hakikuingia siku ya babu wa babu. Umazi alikuwa na miaka tisa, kibuyu cha maji kichwani, naye alisikia kila neno.

"Mzee," mpima alisema, "usiponiruhusu kuingia nitaandika nilichokiona."

"Andika."

"Kutoka hapa nauona ule mvule tu."

"Basi andika mvule."

Mpima akaketi juu ya gogo, akaiweka karatasi gotini, akachukua rula akapiga mstari mnyoofu kupitia kwenye mvule. Umazi aliuona mkono wake. Mkono ulikuwa mwepesi, kama wa mtu anayekata mkate. Wapima wakaondoka na vyuma vyao vyote, na Shutu wa Rai akachinja kuku, na wazee wakala wakicheka hadi magharibi: tumewashinda, hawakuingia.

Walishinda kweli. Hakuna hata tawi lililokatwa siku ile. Ila ule upande wa nyuma, theluthi mbili za kaya, uliandikwa kuwa pori lisilo na mwenyewe, na pori lisilo na mwenyewe halikai muda mrefu bila mwenyewe. Akagaiwa mtu mmoja kwa hisani. Huyo akamuuzia wa pili, wa pili akamuuzia wa tatu. Huyu wa tatu ana hati, ana wakili, na tangu Ijumaa iliyopita ana tingatinga lililofunikwa turubai pale Kombani, linangoja.

Wanakijiji walipolalamika, baraza la mipaka liliwapa siku moja. Mpima aende, aongozwe na shahidi aliyekuwepo mwaka wa sabini na nane, aonyeshwe kona ya nyuma ya msitu, na bikoni ipigwe pale. Bikoni isipopigwa, mstari wa rula unabaki. Na kati ya wote waliokuwepo siku ile aliye hai ni mmoja tu, yule aliyekuwa na kibuyu kichwani.

Bodaboda ilikohoa mlimani ikasimama. Aliyeshuka alikuwa mtu mnene kiasi, shati limechomekwa vizuri, begi mgongoni, na mkononi mashine ya manjano juu ya fimbo ndefu.

"Habari za asubuhi. Mimi naitwa Musau. Niko na kazi ya dakika ishirini hivi."

"Musau!" Kanini akapiga kofi. "Jina la kwetu hilo. Ukituuza leo, mwanangu, nitampigia mama yako simu."

"Mama yangu hana simu."

"Basi nitapanda basi."

Musau alicheka, akafungua begi. Akatoa nyundo. Akatoa bikoni: fito ya chuma yenye urefu wa mkono mzima, kichwa kimepakwa rangi nyekundu. Kicheko kikaisha. Mzee Kalama aliitazama ile fito kama mtu anayemwona nyoka kwenye kitanda cha mtoto.

"Haiwezi kuwa ya mti?" aliuliza Umazi, ingawa alijua.

"Mama, sheria imesema chuma. Ya mti inaoza, inaliwa na mchwa, mtu anaihamisha usiku. Hii ikiingia, imeingia."

"Na mashine hiyo?" Kanini aliuliza. "Si chuma?"

"Ni plastiki na kioo," alisema Mzee Kalama kwa ukali. Wakati simu za mkononi zilipoanza kuingia kaya, kamati ilikaa siku mbili ikaamua kwamba simu ni plastiki, na tangu hapo mzee hakutaka mjadala ufunguliwe tena. "Kilichokatazwa ni cha kukata na cha kudunga. Hicho chekundu."

Akamgeukia Umazi. Sauti ikashuka.

"Unaijua sheria yake, mwanangu. Mgeni hana kosa. Kosa ni la anayemwongoza. Akitoka, atatoa kondoo mweusi, na lango litakuwa limefungwa kwake. Haingii tena. Si mwaka huu, si mwaka mwingine. Hata koma la babako hutaliona." Koma ni kile kigingi cha mti kinachosimamishwa kwa ajili ya marehemu, la Shutu wa Rai limo ndani, upande wa nyuma, na kila mwezi Umazi alikuwa akilimwagia maji.

"Najua, ami."

"Babako alikataa."

"Babangu alishinda, ami. Tazama ushindi wake unavyongoja pale Kombani chini ya turubai."

Mzee Kalama alichimba udongo kwa ncha ya mkongojo. Kanini alisimama, chupa ya chai ikaanguka.

"Nipeni mimi," alisema. "Mimi ni Mkamba, ni wa kanisa, nina kichwa kigumu, kaya yenu hainijui. Nitakibeba. Nisipoingia tena nimepoteza nini? Mimi huwa nafika kwenye mvule tu, halafu magoti yanalia."

"Baraza linamtaka shahidi," Umazi alisema. "Wewe mwaka wa sabini na nane ulikuwa tumboni."

"Nilikuwa na mwaka mmoja! Nilikuwa nikiona!"

Wote wakacheka kidogo, na ndani ya kicheko hicho Umazi akainama, akaiokota ile fito. Ilikuwa baridi. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, kama mtoto aliyelala. Nyundo akaichomeka kwenye fundo la kaniki, kwa sababu kosa ni lile lile, na mtu akikosea afadhali akosee mwenyewe kuliko kumgawia mgeni.

"Vua viatu, baba," alimwambia Musau. "Tunaanza kulia."

Hatua za mwanzo Musau aliruka ruka kama kuku kwenye majivu ya moto. Nyayo zake zilikuwa laini, za ofisini. Alizungumza bila kupumua: barabara za kwao Machakos, bei ya mafuta, mkubwa wake asiyejibu simu. Umazi alimwacha azungumze. Watu wote huingia wakizungumza. Msitu huwanyamazisha mmoja mmoja bila kuwagusa.

Yeye alikuwa akisikiliza kitu kingine. Tangu alipovuka lango alingoja. Hakujua alikuwa akingoja nini: tawi livunjike, nyoka avuke njia, moyo usimame. Chuma kilikuwa begani mwake na harufu ya njia ikaja vile vile kama kila siku, harufu ya mtungi mpya na majani yaliyooza kwa heshima. Sange mmoja, mdogo kama panya, pua ndefu kama mrija, alisimama katikati ya njia, akawatazama, akapiga miguu yake ya nyuma mara tatu, akatoweka.

Walipofika kwenye mvule, Musau alitoa simu.

"Mama, hapa ndio mwisho." Akamwonyesha. Juu ya ramani, alama ndogo ya buluu ilikuwa imefika ukingoni mwa rangi ya kijani. Akapiga hatua mbili, alama ikaingia kwenye weupe. "Sasa, kwa ramani, tumetoka nje ya msitu."

Akainua macho.

Mbele yao hapakuwa na nje yoyote. Mti uliokuwa nyuma ya mvule ulikuwa mkubwa kuliko mvule. Uliokuwa nyuma ya huo haukuonekana unapoishia. Mibambakofi ilisimama shina kwa shina, magome yakimenyuka vipande vipande kama rangi ya mlango wa kale, na kati yao kamba za mabungo, nene kama paja la mtu, zilipanda, zikashuka, zikavuka, zikapanda tena, kana kwamba mtu wa kale alianza kuushona msitu na anga, asipate nafasi ya kukata uzi. Mwanga haukuwa ukianguka kutoka juu. Ulikuwa ukisimama tu, wa kijani, kama maji ndani ya chupa.

Musau akaitia simu mfukoni.

Wakaendelea. Njia ilikuwa nyepesi kama kibao kilivyosema, tambarare, imekandamizwa na nyayo za watu walioanza kuizunguka kabla ya kuwapo mji wa Kwale. Juu ya vichwa vyao hondohondo walipita, na mabawa yao yakasikika kama mtu anayekung'uta mkeka. Kundi la mbega lilikuwa limeketi kwenye tawi moja pana, manyoya meupe yakining'inia mabegani, kimya, kama masheikh wanaosubiri kesi isomwe. Mmoja aliitazama ile fito nyekundu. Umazi akaona haya, akaihamishia bega la pili.

Ndipo mvua ikaanza.

Musau akakimbilia kuifunika mashine kwa shati lake. "Na hukusema kutanyesha!"

"Tazama juu."

Alitazama. Kati ya majani palikuwa na vipande vya anga, na vilikuwa vya buluu, safi, jua limo. Lakini matone yalikuwa yakianguka, makubwa, ya baridi, kwenye majani, kwenye mabega, kwenye udongo mweusi, sauti yake ikienea mbali pande zote kama umati unaonong'ona dua.

"Mama. Hii mvua inatoka wapi?"

"Haitoki mbinguni. Usiku ukungu hupanda kutoka baharini, ukagonga kilima hiki. Miti ya upande huu huukamata kwa majani. Jua likitoka, miti hufungua mikono. Kila asubuhi, masika na kiangazi. Haya maji hushuka chini kwa chini mpaka kwenye kisima cha Kanini, na vya wenzake, hadi karibu na Kombani."

"Hata wakati wa ukame?"

"Mwaka ule wa ng'ombe wa Kinango ilinyesha hapa kila siku. Tulikuwa tukija na watoto kusimama tu, tunyeshewe."

Musau alisimamisha mashine yake juu ya fimbo, akabonyeza, akangoja. Mashine ilikuwa ikitafuta setilaiti kupitia majani. "Inataka kumi," alisema. "Imepata tatu." Wakangoja. Ikapata nne, ikapoteza mbili. Hakuwa na la kufanya ila kusimama, na katika kusimama huko, pengine kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi ile, alitazama mahali alipotumwa kupapima. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni na hakuyafuta. Kipepeo mkubwa mwenye madoa ya kijani alitua juu ya mashine akafunga mabawa.

"Kwa fomu yangu," alisema polepole, "hakuna mahali pa kuandika hii."

"Andika pembeni."

Walitembea tena, dakika kumi labda, mpaka ukingo wa kilima ulipofunguka. Na pale ndipo palipokuwa na mitapo.

Ilikuwa kumi na mmoja. Mtapo si mnazi na si mkindu, ingawa mgeni huuita hivyo. Ni mti wa zamani kuliko majina, shina nene lenye magamba, majani magumu yakichomoza juu kama jua lililochorwa na mtoto. Mtu akiupanda leo, mwanawe atakufa na mti haujamfika kiunoni. Hii ya Luhombo ilikuwa imewapita vichwa, mmoja ulikuwa sawa na watu wawili waliobebana. Nayo ilisimama kwa mpango, kwa upinde uliopinda polepole, umbali ule ule kati ya mmoja na mwenzake, kutoka ukingo hadi ukingo.

Musau alihesabu. Akahesabu tena. Alikuwa mpima, na mpima hutambua kazi ya mpima.

"Hii ni mipaka," alisema. "Mtu alipima hapa."

"Naam."

"Nani?"

"Aliyejua hatauona ukikua."

Akauendea wa kwanza, akanyoosha mkono, akausimamisha mkono hewani bila kugusa. Kisha mtu huyo aliyekuja kwa kazi ya dakika ishirini akachuchumaa chini ya mtapo, shati limelowa, akafunika mdomo kwa kiganja. Mbele yake kilima kiliteremka, minazi, mabati ya Kombani yakimetameta, na mbali kabisa bahari, mstari mweupe wa mwamba wa Diani, na kisiwa cha Chale kama tone la wino lililomponyoka mwandishi.

Umazi alikwenda kwenye mtapo wa mwisho. Hapo ndipo kona. Alitazama udongo. Alikuwa amejiandaa usiku kucha kwa dakika hii.

"Nipige mimi, mama?" aliuliza Musau nyuma yake, kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini.

"Hapana."

Alipiga magoti, akaisimamisha fito, akainua nyundo. Pigo la kwanza lilipasua asubuhi. Hakuna masikio yaliyowahi kusikia sauti ile mahali pale tangu mitapo ilipopandwa. Ndege wakaacha. La pili. Mbega wakaacha, hata matone yakaonekana kuacha. La tatu, la nne, chuma kikizama, na kila pigo alilisikia kwenye meno yake mwenyewe. Alilia akipiga. Hakuwa na haya ya kulia, alikuwa na haya ya kupiga. Kichwa chekundu kilipokuwa kimebaki kidogo juu ya udongo, aliitupa nyundo akafumba macho, akangoja alichokuwa akikingoja tangu lango.

Kimya.

Kisha tone moja. Kisha mengine. Mbega mmoja akaunguruma mbali, akajibiwa. Msitu ukaendelea na shughuli zake juu ya kichwa chake kama bahari inavyoendelea juu ya jiwe lililotupwa. Naye Umazi, aliyekuwa ameilinda kaya hii maisha yake yote akidhani ni kitu dhaifu kinachoweza kuvunjwa na fito moja, alifumbua macho. Msitu haukuwa umekasirika. Haukuwa umesamehe. Ulikuwa mkubwa kuliko kosa lake, mkubwa kuliko yeye, mkubwa kuliko babake langoni. Aliinamisha paji la uso hadi udongoni, na udongo ulikuwa wa vuguvugu.

Musau aliisimamisha mashine juu ya kichwa kile chekundu, ikalia. "Setilaiti kumi na mbili," alinong'ona. "Imeshika."

Njia ya kumalizia duara ni kama robo saa. Umazi aliitembea kwa nusu saa na Musau hakumharakisha. Alipofika kwenye koma la babake alisimama. Alikuwa na mengi. Alisema, "Baba, nimekiingiza. Kosa nidai mimi, usimdai mtoto wangu," kisha mbu akamuuma shingoni, akampiga, na maneno mengine yakapotea. Akamwaga maji yaliyobaki kwenye chupa aliyokuja nayo. Akaenda.

Langoni Mzee Kalama alikuwa amesimama wima bila mkongojo. Alimfungua kaniki kiunoni kwa mikono yake, akaipasua katikati, kama anavyofanyiwa anayefungiwa lango. Ile sauti ya kitambaa kikipasuka ilimuumiza mzee kuliko Umazi, alilazimika kuketi. "Sikuwahi kuifanya," alisema. "Babako hakuniambia kwamba ni nzito hivi."

Kanini akamshika Umazi mabega. "Basi utakuja kukaa kwangu, pale kisimani. Unywe maji yake mpaka uchoke. Au na hayo yamekatazwa, mzee?"

"Maji hutoka yenyewe," alisema Mzee Kalama. "Hayakuulizi ruhusa."

Musau alikuwa akivaa viatu. Alifunga kamba moja, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akasimama mbele ya Umazi, kichwa chini.

"Mama, sitakudanganya. Hii bikoni ni neno moja. Alhamisi upande ule mwingine utaleta watu arobaini kuapa kwamba huko nyuma ni vichaka, hakuna njia, hakuna mtu huzunguka. Wamelipwa nauli na chakula. Baraza litauliza: nani mwingine ametembea huko kwa miguu yake? Nikisema ni mimi na shahidi mmoja, watasema mama mmoja na mpima mmoja wanaweza kukubaliana chochote. Nataka watu. Watu walioona hiyo mvua. Wenyeji, wageni, yeyote."

Umazi aliitazama njia, ikiingia katika giza la kijani, umbali wa hatua tatu kutoka kwenye vidole vyake vya miguu. Hawezi kumpeleka mtu tena. Jana jioni alikaa nje ya lango mpaka magharibi akiwaelekeza kwa mkono waliopita: tangulieni kulia, msigeuke kwenye mvule, endeleeni. Wakaingia watatu. Wawili wakageuka.

Leo ni Jumatano. Baraza linaketi kesho saa tatu asubuhi, Kwale mjini, na mlango uko wazi kwa yeyote mwenye kitambulisho na macho. Duara halichukui hata saa moja. Mzee Kalama yuko langoni tangu alfajiri na Kanini amechemsha chai. Ingia kulia, upite mvule, usimame chini ya ile mvua mpaka ulowe, uhesabu mitapo kwa kidole chako mwenyewe, utoke upande wa pili, na kesho usimame mbele ya baraza useme: nimetembea huko, nimeona. Usiseme utakwenda Jumamosi na watoto. Jumamosi utakuta magogo. Inuka. Nenda sasa.